Fufu Kabla ya Mbio

Dada Akinyi,

Huku Isipingo joto halina huruma, lakini nimeshiba. Nawatafsiria Waaustralia wanaosaka vijana wa kucheza futiboli yao, ile ya mpira wa umbo la yai. Jana kwenye majaribio walimfinya kijana mmoja, Trésor, tumboni kupima mafuta, wakafurahi kukuta hana. Mamake, Mkongomani, akaniuliza, "Huyu muzungu anasema nini?"

Nikamjibu, "Anauliza kama kwako iko chakula."

Eish! Alirudi na sufuria za fufu, ule ugali wa muhogo, na pondu, yaani kisamvu, akalisha foleni nzima ya vijana. Mbio zilipoanza, vijana wengine walijikokota kwa shibe. Trésor akapaa, maana amezoea mapishi mazito ya mamake. Amechaguliwa!

Sasa mama huyo ananiombea baraka kanisani, kumbe mimi nilitamani pondu tu. Nikumbatilie watoto, na pasta wetu asijue.

Nduguyo,
Ouma