Sauti ya Televisheni Mpya

Jumanne, baada ya Isha

Picha ni safi mno, hilo sibishi. Lakini sauti! Mume wangu ameipandisha hadi mwisho na bado yanong'ona kama mgonjwa. Tena ukikaa ubavuni, watu wote wanageuka rangi ya majivu. Ndiyo maana leo nilihama pale mlangoni nikakaa mbele.

Ikaja taarifa ya habari. Mnadani Taru watu wanampiga mwizi wa mbuzi kwa mawe. Damu naiona inavyomchuruzika sikioni. Kijana mmoja akainua jiwe kwa mikono miwili, likamficha uso, akamponda nalo kichwani. Shati la buluu la kijana huyo lina kifungo kimoja chekundu.

Kifungo hicho nilikishona mimi, nilipokosa cha buluu.

"Waona ilivyo safi?" mume wangu akaniambia. Yeye vifungo vya nguo havijui.

Mwanetu Salimu akaingia kutoka Taru, kifua wazi. "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba.

Picha zikarudiwa. Yule mwizi akapiga ukelele, kinywa wazi, nasi hatusikii kitu. Salimu akaenda akaizima.

"Makelele yake yanikera," akasema.