Jibu la Kitinda

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Msalimie sana wifi, umwambie miwani aliyonitumia ndiyo inayoniandikisha. Mimi sijambo, ila uzee tu, ambao nao haujambo. Miaka arobaini tangu tutawanyike, na bado kila nikianza kukuandikia nakuona umekaa mkabala nami, unachokoa meno.

Uliniandikia kwamba umesoma gazetini habari za makao ya watu wenye usonji, kama ndugu yetu Kitinda: wanafungwa vitandani, wanapewa dawa za usingizi ili walezi wapumzike. Ukaniagiza niende bila taarifa, na nikiona jambo moja tu lisilofaa, nimtoe Kitinda siku hiyo hiyo nirudi naye kwangu. Basi Jumanne nilikwenda na begi tupu la nguo zake na ile barua ya kumtoa tuliyoitia saini sote wawili. Miaka minane yupo pale, na mimi siku zote nimekuwa nikiishia kwenye sebule ya wageni.

Nilikagua kama mtu anayenunua nyumba. Nilitazama viwiko na vifundo vya mikono ya wakazi wote sita, nikanusa magodoro, nikaomba kabati la dawa lifunguliwe. Muuguzi alinisomea daftari lake mstari kwa mstari. Kitinda hapewi kitu zaidi ya kidonge cha presha. Kasoro nilizoziona ni mbili: taa ya ukumbini inavuma, na Jumapili walezi huwa wachache. Msimamizi hakubisha. Alisema kuhusu taa ameshaandika barua tatu, na kuhusu Jumapili hana la kujitetea.

Mlezi wa Kitinda ni mwanamume mnene aitwaye Kipara, jina alilojipa mwenyewe ili wenzake wasipate raha ya kumpa. Wakati wa chakula nilimfuta Kitinda mdomo, kama nilivyozoea tangu utotoni. Akashika sikio lake la kushoto. Nikamwuliza Kipara kama lile sikio bado linamsumbua. Alicheka, kisha akaona sifanyi mzaha, akaniomba radhi na kuniletea daftari. Pale kila mkazi ana daftari linaloeleza anavyosema ndiyo na anavyosema hapana, na mlezi mpya haruhusiwi hata kumshika mtu mkono kabla hajalisoma. Waliliandika la Kitinda kwa kumtazama tu, wiki sita. Mstari wa kwanza unasema: akishika sikio la kushoto, anataka uache unachomfanyia.

Unakumbuka mafuta ya vuguvugu? Marehemu mama akimlaza mapajani, wewe umeshika miguu, mimi kichwa, tunamdondoshea sikioni. Kadiri tulivyomtia ndivyo alivyolishika, nasi tukasema maskini, maradhi yamezidi. Nilimsimulia Kipara nikijua atatucheka. Alisema tu kwamba sisi angalau tulikuwa tunajibu, ingawa tulijibu kingine.

Hata hivyo nilikuwa nimekuahidi, nikaitoa barua. Msimamizi aliisoma yote, akasema sisi ndio ndugu na sheria iko upande wetu, ila desturi ya nyumba ile ni kumwuliza kwanza mwenye maisha yake. Nilimjibu kwa ukali, ataulizwaje mtu ambaye hajatamka neno miaka sitini na moja. Kipara akaingilia, akasema nimletee picha ya chumba alicholala Kitinda nilipokuwa nakaa naye, nimpe na siku tatu.

Kila siku baada ya chai aliweka mezani picha mbili, ya chumba cha kwangu na ya chumba cha pale, akizibadilisha upande ili mkono usichague kwa mazoea. Mimi nilikaa nyuma nimefunga mdomo, na unajua hiyo si kazi ndogo kwangu. Mara zote tatu Kitinda alichukua picha ya chumba cha pale. Siku ya tatu aliinuka nayo, akaingia chumbani mwake, akakaa kitandani akiyumbayumba taratibu kama alivyozoea utotoni, mama alipomwimbia. Kipara akasema tumejibiwa.

Sasa nikuambie nililokuficha miaka ishirini na miwili. Nilikuandikia kwamba siku nilipompeleka kwenye makao ya kwanza, yale yaliyokuja kufungwa, aliondoka kwa hiari, ameushika mkono wangu. Si kweli. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Nilimbandua kidole kimoja kimoja, vyote kumi, kwa sababu teksi ilikuwa inasubiri na mimi nilikuwa nimechoka. Ulinijibu kwa barua ya kunisifu. Ninayo hadi leo, na sijawahi kuisoma mara ya pili.

Ile barua ya kumtoa nimeichana bila idhini yako. Ukikasirika, nikasirikie mimi, usiwakasirikie watu wale. Na usiniambie kwamba umenisamehe kwa niaba yake. Hilo nitakwenda kulitafuta kwake mwenyewe, na safari hii akisema hapana, nitaacha.

Wabusu wajukuu wote, hata yule mkorofi. Mwambie wifi naiombea afya yake.

Ni mimi dada yako,
mkubwa kwa miaka tu.