Papai Lile Nililikubali Mimi

Dada yangu Kadzo,

Pokea salamu kutoka Changamwe. Hujambo? Mguu umepoa? Mahindi yamepata mvua? Sisi huku tu wazima, na mama anakula vizuri. Naandika kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijasema.

Juzi nilimpeleka mama hospitali. Daktari akamuuliza, "Mama, huyu uliyekuja naye ni nani?" Mama akanitazama. "Huyu? Ni mume wangu! Ila amezeeka vibaya." Daktari alicheka, hata mimi nikacheka.

Kisha akanieleza. Ni ugonjwa, dada, waitwa Alzheimer. Ati ubongo una walinzi wake, na kuna vimeng'enya, vitu vidogo vya mwilini, vinavyowachochea mpaka wanaudhuru ubongo wenyewe. Uvimbe wawaka ndani pole pole, kama moto wa pumba. Dawa ya kuuzima bado yatafutwa, lakini zipo za kumsaidia kidogo.

Nikamuuliza, "Na kule kusimama milangoni kwa watu usiku?"

"Alikuwa amepotea, mzee. Alikuwa anatafuta kwake."

Nilitoka pale mwepesi, kama nimetua gunia.

Sasa nisikilize. Mtoto wa jirani alipougua, watu wakasema mama ndiye mchawi, kwa kule kusimama milangoni kwao, wakataka ale papai la kiapo, avimbe mdomo kama ana hatia. Wewe ukamtorosha, ukamleta kwangu. Tangu siku hiyo humsemeshi baba mdogo. Dada, si yeye aliyekubali kiapo. Yeye alinipigia simu kuniuliza, na hakutaka. Mimi ndiye niliyesema, "Na ale, tujue." Niliogopa watu, na niliamini maneno yao. Hata hapa, mwanzoni, nilikuwa nikiwafungia wanangu chumbani mama asiwafikie.

Nenda kwa baba mdogo, ukamsemeshe. Mwezi ujao namleta mama, nami nitasimama mbele ya wazee niyaseme haya mwenyewe.

Jana mke wangu alitoka sokoni na papai. Mama akalikata, kipande cha kwanza akanipa mimi. "Kula, Karisa." Siku hiyo alinijua. Nikala, dada. Nikakimaliza chote.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama wa yule mtoto aliyeugua mwambie hatuna kinyongo naye. Salamu za baba mdogo usizipeleke, nitampa kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Karisa