Korongo wa Lambo Letu

Ngulyati, Bariadi
11 Mei 2025

Mpendwa dada Minza,

Barua hii inatoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote Simiyu, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili. Korongo wa lambo letu wameangua. Makinda wawili, dada, na wazazi wao wananiacha niwatazame kama mimi ni mjomba wao.

Kabla sijajisifu zaidi, pokea salamu ya kwetu: mwangaluka. Hamjambo huko Songea? Baridi haijawamaliza? Sisi wazima, ila goti la mama linalalamika kuliko mwenyewe.

Darubini uliyoniachia naivaa hata mnadani. Wananiita daktari. Mimi niliyeishia darasa la tano naulizwa habari za ndege, na najibu hata nisiyoyajua.

Uliponikabidhi korongo hawa uliniambia niende lamboni bila mbwa. Sikusahau. Lakini unajua kwetu: mwanaume akielekea mbugani bila mbwa, watu huuliza ng'ombe wake aliwauza lini. Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu. Jirani yetu Masele akapaza sauti toka kwenye pamba yake, "Mayige, mkeo amekufukuza, hata mbwa wamebaki kwake?" Kesho yake nikatoka na mbwa wangu, Meneja na Katibu. Ikawa hivyo kila jioni.

Basi korongo wakawa wananichezea. Mbwa wakichomoza tu kwenye matete, ndege wanafungua mabawa, wanaruka, wanalia. Nikasema hii ni ngoma, wamemtambua mwenyeji wao. Nikaita watu waje kutazama. Akaja pia mwalimu mmoja wa Bariadi mjini anayefuatilia ndege, Wilhelmina. Siku hiyo niliwaachia mbwa makusudi, ngoma inoge.

Yule mama akashusha darubini yake. "Kaka, hawachezi. Wanawafukuza mbwa wasifike kwenye kiota."

Nikamwambia mimi nimekua na ndege hawa, yeye amekua na vitabu. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Wiki iliyofuata nilifika kwenye matete, hakuna aliyeruka. Nilikaa mpaka mbu wakanichoka. Katibu alikijua kiota bila kuonyeshwa njia.

Siku hizi mbwa nawafunga. Masele ananicheka tena, namwacha. Asubuhi mama hukaa nje kusikiliza kama korongo watalia lamboni, halafu anaingia ndani.

Najua umewaahidi watoto kuwaleta mwezi wa sita waone makinda. Hapo ndipo kalamu inanigomea.

Msalimie shemeji Constantine, na Nancy wangu mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu akutunze kuliko nilivyokitunza ulichonikabidhi.

Ni mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuonea haya,
Mayige

Dada, makinda hakuna. Nimekudanganya pale juu. Mayai yaliliwa na mbwa, na aliyewapeleka ni mimi.