Chungu ya Stany pa Nzilo

Godé, usinipigie, siwezi kusema. Niko ku hopitali na kaka yangu Kabeya. Balimuvunja mikono. Yote mbili!

Na ni Stany. Ile Stany yetu, rafiki yake ya utoto!

Asubui Kabeya aliingia mu kayaki yake ku ziwa ya Nzilo kutega kaa, sawa vile anafanyaka tangu utoto. Akiwa katikati ya maji, alisikia makelele: bijana banachoma nyumba za batu ya Kasai, sawa sisi, banasema bapande treni, barudi kwabo. Akajisemea, nitavuka ng'ambo, nitapona.

Njo akaona Stany pembeni ya maji, peke yake, ananyanyua chungu.

Chungu, Godé! Kaa ya kwanza, bale babili banaipikaka pamoja mu ile chungu, tangu batoto. Stany anaita: "Kuya, Kabeya! Moto iko tayari. Bale bijana balisha kwenda!"

Alirudi. Alikuwa hata anacheka.

Hakukuwa moto. Batu balitoka mu matete na byuma. Balimukokota mu matope, balipasua kayaki na shoka, kiisha balimuvunja mikono na byuma. Stany alisimama pale na chungu yake. Alisema tu: "Mukasai, rudi kwenu."

Kwetu wapi? Mama alituzala pa Kolwezi sisi wote!

Kabeya halii. Anaangalia bandaji. Saa hii tu ananiambia: "Mignonne, Stany njo alinifundisha kutega. Alisemaka: vuta kamba polepole, kaa haiachaka nyama ya chambo, hata ikiona mukono yako."