Soketi ya Nyuma ya Kabati Lako

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Nina hasira na wewe wiki ya pili sasa, na kila ninayemlalamikia hapa Tarime ananiambia ninyamaze, marehemu hasemwi. Basi nakuandikia mwenyewe, usikie kutoka kwangu.

Ni hii intaneti yako ya faiba. Uliiomba wewe, kwa jina lako na saini yako, kwa sababu ulichoka kuongea na mwanao Robhi aliyeko Muscat huku sura yake imeganda kwenye simu, mdomo wazi. Halafu ukaondoka kabla hawajaleta waya. Siku chache baada ya kukuzika Kemambo, simu yako ikaita. Ninayo mimi. Dada mmoja wa ofisini akasema mafundi wako njiani, mwenye nyumba awepo. Nikamwambia mwenye nyumba yuko Kemambo. Akasema, "Haya, akirudi atupigie." Nilikata simu, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikacheka mpaka nikalia.

Mwishowe walikuja, wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakafunga kisanduku sebuleni, wakaenda zao. Sebuleni intaneti ilikimbia kama maji. Jikoni ikachechemea. Chumbani kwa Mama, hakuna kitu kabisa. Nani alikuambia ujenge nyumba ya kuishi watu kwa kuta nene namna ile, Tata? Halafu ukaongeza vyumba vya nyuma, ukaviunga kwa korido yenye kona, kila ukuta tofali mbili. Ulisema unataka nyumba isiyosikia mvua. Haisikii kitu chochote.

Na Mama ndiye aliyeihitaji. Tangu tumalize matanga alikuwa hatoki chumbani. Anakula humo, anasali humo. Robhi alinyimwa ruhusa na mwajiri wake, hakukuzika, na Mama alikuwa hajamwona tangu hapo. Sauti anaisikia, lakini anasema sauti inadanganya, anataka kumwona kama anakula. Nikamwomba aje sebuleni dakika kumi tu. Akanijibu, "Sebuleni kuna kiti chake." Akageukia ukutani.

Fundi mmoja wa mjini akanishauri tutafute mesh. Ni vifaa vitatu vidogo, kila kimoja ukubwa wa kopo la maziwa. Kimoja unakiunga kwa waya kwenye kisanduku cha faiba, viwili unavipanga ndani ya nyumba, vinapokezana intaneti mpaka ifike mwisho. Mwita akavileta kutoka Sirari. Unamjua mwanao, tangu aanze kazi ya mizigo pale mpakani anaongea Kikenya kutuzidi wote. "Hii ni kitu simple, Bhoke. Wachana na fundi."

Simple! Cha kwanza kilikubali. Cha pili akakipeleka moja kwa moja chumbani kwa Mama, kwa sababu ndiko intaneti inakotakiwa. Kikawaka taa nyekundu. Akakizima, akakiwasha. Nyekundu. Nikamwambia kiko mbali mno, hakisikii kile cha kwanza, kiwekwe katikati. Akasema mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimejuaje? Nilisoma karatasi iliyokuja navyo, Tata, ndivyo nilivyojua. Tukakipeleka jikoni, kikashika, lakini jikoni ni upande mwingine, kwa Mama bado giza. Na simu zetu zikawa zinang'ang'ania jina la kile kisanduku cha sebuleni, maana Mwita hakuzima wifi yake, kwa hiyo nyumba ikawa na wifi za majina mawili na hakuna linalofika popote. Kutwa nzima tunapita koridoni na waya shingoni, tunagombana.

Mahali pa kile cha pili palikuwa pale kwenye kona ya korido. Nusu ya njia kabisa. Na pale kona kuna soketi moja tu, nyuma ya kabati lako la chuma.

Kabati lile! Miaka yote ile lilibana njia, tukipita kwa ubavu. Limejaa mitihani ya wanafunzi wako ambao sasa wana wajukuu, na ulikataa liguswe. "Hilo ni ofisi yangu," ulikuwa unasema, na ufunguo mfukoni. Hata baada ya wewe kuondoka hatukuligusa. Mwita alisema tutafute waya mrefu tupitishe juu ya dari. Nikamwambia dari, wakati soketi iko hapa? Akasema, "Wewe unataka kumtoa mzee ndani ya nyumba yake." Tata, nilimpigia kelele. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Naye akanijibu.

Ndipo mlango wa Mama ukafunguliwa.

Alitoka na kanga kiunoni, peku, ameshika ukuta. Alikuwa amekonda kuliko nilivyoona nikimpelekea uji. Akatutazama sote wawili.

"Litoeni."

Mwita akasema, "Mama, lakini Tata..."

"Nimepita hapo kwa ubavu tangu mmezaliwa. Niliolewa na mtu, sikuolewa na kabati. Litoeni."

Akaweka mikono yake pale pamoja na yetu, akasukuma. Lilikwaruza sakafu yako ya saruji, ile uliyoing'arisha mwenyewe, na alama imebaki. Samahani kwa hilo. Soketi ilijaa utando wa buibui. Nikaipangusa, nikachomeka kile cha pili. Nyekundu, kisha ikapepesa, kisha ikatulia nyeupe. Cha tatu tukakiweka chumbani kwake, nacho kikashika mara moja.

Lakini Mama hakurudi chumbani. Alikaa palepale koridoni juu ya kigoda, akasema, "Mpigeni sasa." Robhi akatokea amevaa sare ya kazi, sura nzima, haigandi. Mama akasema, "Mbona shingo imekuwa ndefu hivyo, hawakupi chakula?" Na Robhi akaanza kulia, na Mama akamwacha alie, akiitazama simu bila kupepesa. Mwita alikwenda nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa sawa kabisa.

Baadaye nilimwambia Robhi nitakwenda Kemambo nimwonyeshe kaburi kwa simu. Akakataa. Akasema hataki kukuona kwa kioo, amepata likizo, atakuja mwenyewe.

Basi pumzika, Tata. Hasira zangu zimepungua, hazijaisha. Robhi akifika nitampeleka kwako siku hiyohiyo, kabla hajafungua hata begi. Nitamfikisha hapo, kisha nitasogea kando kwenye mihogo, nimwache aongee na wewe mpaka atosheke. Hata akikaa mpaka jioni sitamwita.

Mwanao,
Bhoke