Bei ya Jina la Magodoro

Chiriku, mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi yote niliyobakiwa nayo, nikitumaini barua hii inakukuta umeketi pale dirishani pako penye mwanga, na kwamba goti limekupa nafasi ya kupumua. Mwanao hajambo? Na jirani yako msusi, bado anakuletea magazeti na umbea kwa mkupuo mmoja? Nisalimie wote. Mimi bado nipo. Daktari anasema moyo wangu ni pampu iliyochoka, na miguu imevimba hadi viatu vimenikana. Sasa navaa kandambili ndani na nje, mimi niliyekuwa napiga kiatu rangi hata siku ya kushinda nyumbani. Mwuguzi anayekuja asubuhi ameniambia bila kuzunguka kwamba kama nina la kusema, niliseme. Nimempenda kwa hilo.

Usishtuke kwa unene wa bahasha. Si fedha, najua ulivyonirudishia ile nyingine. Ni herufi tu. Nimeandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za kibao cha duka, ili usome mwenyewe kwa jicho lililobaki. Ukichoka, weka chini, uendelee baadaye. Lakini usimpe mtu akusomee, hata mwanao.

Utauliza kwa nini sikusema kwenye simu, na sisi tunazungumza kila Jumapili. Nimejaribu. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeshafungua kinywa, ukanikatiza ukitaka kujua kama nadhani Bahili, huyo mnunuzi wako, atapanda bei. Nikasema sijui. Ukaanza kumwiga anavyohesabu sarafu juu ya magodoro matatu aliyojilimbikizia, nikacheka hadi nikakohoa, na neno likarudi lilikotoka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiandika ripoti zangu za kuthamini majengo. Bei haikukaa mwanzo. Kwanza nilieleza kiwanja kilivyo, kuta, nyufa, paa, njia ya kuingilia, na tarakimu ikaja mwishoni, ili anayesoma aone imetokana na nini. Niruhusu niandike hivyo leo. Nitasema mengi unayoyajua tayari. Nivumilie.

Nianze na marehemu shemeji. Siku alipotangaza kwamba amesajili jina la tovuti, neno tupu la magodoro, watu wote kwenye karakana yenu ya magodoro walidhani joto la mashine ya kushonea limempanda kichwani. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwuliza kama watu watalala kwenye kompyuta. Naye, akiwa na pamba nywele nzima, akanijibu kwamba siku moja mtu akitaka godoro hatauliza njia, ataandika neno, na neno hilo litakuwa mlango wake. Hakuwahi kuutumia mlango huo ipasavyo. Aliweka picha moja, ile ya godoro la mistari ya bluu limeegemezwa ukutani, na namba ya simu, basi. Lakini kila mwaka alilipa ada, na alipofariki ukaendelea kulipa wewe, hata karakana ilipofungwa, hata mwaka ule ulipouza cherehani kubwa. Mwanao alipokuuliza ya nini, ulimwambia kwamba baba yake ana makaburi mawili, na hili moja halioti majani.

Kisha lipo lile la siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikuja na futi yangu ya kupimia, na wewe hujatoka hata kwenye mkeka wa msiba, nikapima karakana kona hadi kona, nikakutajia bei na kukushauri uuze kabla paa halijaanguka. Uliniambia kwamba machozi hayajakauka na mimi napima kuta. Nilipokuletea bahasha baada ya hapo ukairudisha bila kuifungua, ukaandika juu yake kwamba wewe si jengo la kukarabatiwa. Tangu hapo ikawa ni ujumbe mfupi wa sikukuu na salamu za kupitia kwa mwanao, mwaka baada ya mwaka. Sikulaumu. Nilistahili.

Ni kwa mwanao huyo nilikosikia habari ya macho. Aliniambia kwamba mtoto wa jicho amefunika yote mawili, kwamba unamimina chai nje ya kikombe na kukitukana kikombe, na kwamba hutaki kukopa wala kuchangiwa. Nilimwuliza kama ungekubali kutoka kwangu. Alibadilisha mazungumzo kwa heshima.

Halafu ndipo akatokea mnunuzi. Barua pepe ilitoka kwa dalali wa majina ya tovuti, mama mmoja mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la dawa, akisema ana mteja asiyependa kujulikana, anayelitaka jina lako. Bei ya kwanza ilitosha operesheni ya jicho moja, bila miwani. Ulifanya nilichokufundisha tulipokuwa tukitumwa sokoni: hukujibu. Ulitazama pembeni kama mtu aliyevutiwa na vitunguu. Dalali akaandika tena, ukanyamaza tena. Kisha simu yangu ikalia, na sauti yako, baada ya miaka yote ile, ikasema bila hata salamu, “Kaka, wewe ndiye mthamini. Neno moja tu linauzwaje?”

Nilikueleza kama nilivyojua. Kwamba jina la tovuti linapimwa kama kiwanja: liko wapi, linaingilika vipi. Neno la kawaida ambalo kila mtu analijua lina bei kuliko la kubuni. Lisilo na tarakimu wala kistari ndani yake lina bei zaidi, na lililosajiliwa siku nyingi huaminika. Kwamba mnunuzi asiyejitaja kwa kawaida ni kampuni kubwa inayoogopa kupandishiwa. Ukafurahi sana hapo. Ukasema basi huyu ni kampuni ya magodoro, ina mabilioni, na inataka kumlalia mjane. Siku hiyohiyo ukambatiza jina la Bahili.

Kuanzia hapo ukawa unapiga kila Jumapili. Tulianza na Bahili na tukaishia kwingine: mama alivyokuwa akificha sukari, jinsi ulivyovunjika jino kwa kunifukuza, shemeji alivyolala kwenye godoro la mteja ili alijaribu akapitiwa hadi mteja akaja. Mimi ninayeishi na redio na saa ya ukutani nilianza kunyoa ndevu siku ya Jumapili kwa ajili ya simu. Cheka tu.

Bei ya pili ilipokuja ilikuwa ya macho yote mawili. Ulinipigia siku isiyo yetu. Hukuwa na mizaha. Ulisema umechoka, umemwaga maji ya moto mguuni, na ukaniuliza kama ukubali. Nami nikakwambia usubiri, atapanda. Ukasubiri. Ukamtajia dalali bei yako mwenyewe, macho mawili na paa la karakana, na dalali akajibu kwamba mteja anatafakari.

Halafu yakaja masharti. Jina lilikuwa bado kwa marehemu, mnunuzi akataka cheti cha kifo. Ukapeleka nakala. Akataka nyingine yenye muhuri. Ukapanda ngazi za ofisi ya vizazi na vifo ukishika ukuta kwa mkono, karani akakuambia urudi kesho, ukarudi. Akataka kujua watu wangapi hutembelea tovuti. Kila sharti lilinifikia Jumapili pamoja na matusi yake, na matusi yako, dada, ni kazi ya fundi. Ulisema Bahili akifa atataka risiti ya sanda.

Mwezi uliopita ukaniambia, kwa sauti ileile ya mzaha, kwamba daktari wa macho amekukemea. Kwamba jicho la kushoto lilingoja mno, mtoto wa jicho akavimba, presha ikapanda ndani yake, na mwanga uliopotea humo haurudi hata likipasuliwa. Ukasema si neno, sasa utamkonyeza Bahili bila kujitahidi. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Hapo ndipo ripoti yangu inapofika kwenye tarakimu, Chiriku. Hakuna kampuni ya magodoro. Bahili ni mimi.

Nimeweka kalamu chini nikaichukua tena mara kadhaa hapo juu. Soma ulivyosoma, hujakosea. Niliposikia habari ya macho nilikwenda kwa yule dalali, nikamwambia nataka kumnunulia mtu jicho bila yeye kujua. Akacheka, akaniambia jina lako lina thamani ya kweli, akanionyesha majina ya namna hiyo yalivyouzwa, na nilipoona zile hesabu nikajisikia nimerudi kazini. Yeye alitaka tuanze na bei nzuri. Mimi nikakataa. Nilisema ukipewa bei nzuri mara moja utanusa mkono wangu, na hilo lilikuwa kweli. Lakini pia ilikuwa mazoea. Maisha yangu yote sijawahi kuanza na bei ya haki.

Hadi hapo ningeweza kujitetea. Yanayofuata siwezi. Uliponiuliza siku ile kama ukubali, fedha zilikuwa tayari. Ilikuwa ni kusema ndiyo, na mwezi uleule ungelala kwenye kitanda cha hospitali ukaamka unaona. Nilifungua kinywa kusema kubali. Nikaiona Jumapili inayofuata, simu imelala mezani, na inayofuata hiyo. Ukishauza, ungenipigia kwa lipi? Nikasema subiri. Na yale masharti, muhuri, nakala, idadi ya wageni, dalali hakuyataka hata moja. Aliniuliza ninachofanya. Nikamwambia ni tahadhari. Kila sharti nililituma katikati ya wiki ili lifike kwako likiwa la moto hadi Jumapili. Ulipopanda ngazi zile ukishika ukuta, ni mimi niliyekupandisha.

Sikujua jicho linaweza kufa kwa kungoja. Nilidhani mtoto wa jicho ni pazia, lingoje lisingoje litafunguliwa. Sikuuliza daktari yeyote, mimi ninayeuliza umri wa kila msumari kabla ya kuthamini banda. Sisemi hivyo nipunguziwe. Nasema ili ujue nyufa zote.

Sasa jambo ambalo haliwezi kungoja. Mwanao ameniambia kwamba bado unasubiri kampuni ipande zaidi, kwamba daktari amekupa nafasi ya jicho la kulia na wewe umeisogeza mbele hadi Bahili alipe. Hakuna mtu atakayepanda, dada. Mimi nikiondoka, na ninaondoka, dalali atakuandikia kwamba mteja wake hayupo tena, nawe utakaa gizani ukisubiri mtu aliyekwisha zikwa. Ndiyo sababu sikuacha siri hii iende nami, ingawa ingekuwa rahisi kwangu.

Nimekubali bei yako, ileile uliyoitaja, macho mawili na paa. Nimeuza gari na kile chumba cha nyuma nilichokuwa napangisha. Fedha hazipo kwangu tena. Ziko kwa mtu wa kati anayezishikilia hadi jina lihamishwe, kama desturi ya biashara hii. Kinachobaki ni wewe kumpa dalali msimbo wa kuhamishia, ule ulioko kwenye barua pepe ya marehemu, na siku hiyohiyo watakulipa. Usihofu juu ya kaburi lisiloota majani. Picha ya godoro la bluu itabaki palepale, ada nimelipa ya miaka mingi kuliko niliyobakiza, na nikishakufa jina litarudi kwako. Nimeliandika hilo mbele ya wakili.

Nakujua. Umeshafika hapa umekunja uso, unataka kusema hii ni ile bahasha ya zamani imevaa suti. Siyo. Ile ilikuwa zawadi, na ulikuwa na haki ya kuirudisha. Hii ni deni. Nilikuja kununua kitu, nikakipokea Jumapili baada ya Jumapili, nikakitumia chote, na sikulipa. Mtu asiyelipa mzigo aliokwisha pokea ulimpa jina mwenyewe.

Kwa jicho la kushoto sina bei. Nimekaa nalo siku nyingi nikijaribu kuliandikia tarakimu, na ukurasa uko wazi hadi sasa. Sikuombi unisamehe kwa haraka ili nife vizuri. Ukitaka kunitukana, una haki, na nitakuwa nimekosa mengi nisiposikia umenitukana vipi.

Basi nina ombi moja tu. Mpe dalali msimbo kwanza, umwambie daktari akurudishie nafasi yako. Kisha ukiamua kwamba hutaki tena kunijua, usiniandikie. Nikatae kwa simu. Nitakuwa nimenyoa.

Msalimie mwanao, umwambie asikulaumu kwa kusubiri, kwa maana uliambiwa usubiri. Msalimie msusi. Pitisha mkono kwenye ile cherehani ndogo kwa niaba yangu, na usimimine chai peke yako hadi utakapopona.

Ni mimi kaka yako,

Futi, uliyemwita Bahili